Liwali Asiyepiga Magoti

Palikuwa na liwali mmoja, Don Baltasar, aliyetaka hata mbinguni wampishe njia. Kisa chake kilianza Jumatatu, tarehe tano Novemba 1764, saa tatu na robo asubuhi (si saa tatu kamili, maana tumbo lake lilichukua muda kupita mlangoni), katika kanisa la mji mdogo kwenye visiwa vya Karibi, enzi za Wahispania.

Ndani alimkuta Nicolasa, mwanamke mweusi huru, mchoraji, akisaga rangi ya buluu. Alikuwa akijiandaa kuchora picha kubwa ya Yesu mchanga zizini.

"Wewe bibi! Picha hii ni zawadi yangu kwa kanisa. Sura yangu iwemo."

"Itakuwemo, Bwana Liwali. Pembeni, umepiga magoti, kama watoa zawadi wote."

"Magoti? Mimi?"

"Hata mamajusi watapiga, na wao ni wafalme."

"Wafalme wa wapi?"

"Wa Mashariki."

"Basi huko hawajui kujiheshimu. Mimi nasimama! Tena karibu na mtoto kuliko hao wafalme wako."

Padri Anselmo, aliyekuwa akikwangua nta kwenye vinara, akadakia, "Mwanangu, binadamu akisimama mbele ya hori lile, picha siibariki. Ndivyo tulivyorithi."

Liwali akacheka. "Shida hiyo ni ya huyu bibi. Kesho saa tatu nione mchoro: mimi nimesimama, na padri ameridhika. La sivyo, bibi, burashi zako nazitia moto, na katika mji huu hutapaka rangi hata mlango wa jiko."

Nicolasa akazikusanya burashi zake. Burashi zile ndizo zilizomlisha yeye na mama yake.

"Ukishasimama, Bwana, mengine waniachia mimi?"

"Yote!"

"Neno lako?"

"Neno la liwali, mbele ya padri!"

Kesho yake asubuhi, waumini walipokuwa wakitoka misani, Nicolasa alitundika turubai lililochorwa kwa mkaa. Mariamu kapiga magoti. Yosefu kapiga magoti. Wachungaji, mamajusi, hata malaika, wote chini.

Liwali akasogea, akatafuta kushoto, akatafuta kulia.

"Mimi niko wapi?"

"Subiri kidogo, Bwana. Padri, kuna kosa?"

Padri Anselmo akatazama kwa makini. Mabega yakaanza kumtetemeka. "Hakuna, binti yangu. Hii naibariki sasa hivi."

"Nimeuliza, niko wapi?"

Nicolasa akaokota kipande cha mkaa, akapanda kigoda.

"Waliosimama ni wawili tu, Bwana Liwali, nao wako karibu mno, wanampa mtoto joto kwa pumzi zao. Nyuso zao sijazichora bado. Huyu ni ng'ombe, yule ni punda. Nikuchore wapi?"