Mfuko wa Shati la Lubinza

Aliyeziba tundu ndiye ajuaye lilipo tambara. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani anayelia kwamba hatembelewi, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni. Yalianzia kwenye kibanda cha mashine ya kusaga, upande wa Tabora, kwa mjane aliyeitwa Nyamizi.

Mumewe, Lubinza, ndiye aliyekuwa fundi wa mashine hiyo. Kila walipoifungua injini, Lubinza aliziba matundu ya oili kwa matambara ili vumbi lisiingie, naye Nyamizi akahesabu. Kabla ya kufunga, mume aliuliza, "Mangapi?" Mke akishataja idadi na matambara yote yakaonekana, ndipo boliti zilipokazwa.

Lubinza alipofariki, Nyamizi alifunga kibanda. Siku ya arobaini aliwaambia ndugu na majirani, "Nimechoka na pole zenu. Asinikanyagie mtu kiwanja hiki." Watu wakatii. Miezi ikapita bila hodi, naye, kana kwamba hakusema neno, akaanza kunung'unika kuwa ametupwa. Alipika kwenye sufuria ya watu wawili, akala peke yake, na kiporo akakila asubuhi peke yake. Upweke ulimuuma, sitawaficha. Kuna siku aliongea na kuku.

Ndipo akaamua kuifufua ile injini iliyochakaa. Ilikuwa kitu pekee walichokitunza wawili. Ikifa, hana tena kilichobaki cha Lubinza. Akaifungua, akabadilisha ringi na beringi, akachana shati la kazi la marehemu ili azibie matundu, akafunga. Hakuna aliyeuliza mangapi.

Injini ikagoma kuwaka. Hilo halikumtisha: alilegeza nati za bomba la dizeli, akatoa upepo, ikawaka. Lakini mshale wa geji ya oili ulilala palepale kwenye sifuri. Akaizima haraka, maana injini isiyopata oili hujiua yenyewe. Akapima oili, imejaa. Akabadilisha filta, akawasha, mshale ukalala. Akailaani pampu, akamlaani na aliyemuuzia vipuri. Alipojaribu mara ya tatu na kuizima tena, alikaa chini akalia.

Aliposhusha khanga usoni alimwona wifi yake, Kalunde, dada wa Lubinza, aliyezoea kumsikia kaka yake akiuliza idadi ya matambara, amesimama njiani na debe la mahindi kichwani, akielekea kwenye mashine ya kijiji cha pili.

"Wifi," Kalunde aliita kutoka hukohuko, "matambara mangapi?"

Nyamizi aliinuka. Aliyakusanya matambara, akayatandaza chini, akaliunga shati kipande kwa kipande: kola, mikono, mgongo. Mfuko wa kifuani haukuwapo.

Alikumbuka papo hapo alipouweka. Alifungua bomba la shaba linalopandisha oili, akaingiza waya tunduni, akauvuta mfuko, kifungo chake bado kimeshonwa. Akarudisha bomba, akawasha. Mshale ukapanda, ukatulia.

Kalunde alikuwa bado njiani.

"Mbona umesimama mbali hivyo?" Nyamizi aliuliza. "Miezi yote hii hukuja hata kunijulia hali."

"Ulikataza, wifi. Napita hapa kila wiki. Nikikusikia unakohoa, nashukuru kwamba u mzima, naenda zangu."

Nyamizi aliutazama ule mfuko mkononi. Alitaka kumlaumu mtu, akakosa wa kumlaumu. Akatoka mpaka njiani, akampokea Kalunde debe.

"Njoo tusage," alisema.

Siku ile mashine ilinguruma mpaka majirani wakachungulia. Nyamizi aliwaita mmoja mmoja kwa majina yao, wakaja. Walipokuwa wakisubiri unga, Kalunde alimuuliza amelipataje tambara upesi vile, wakati alishahangaika kutwa nzima.

Nyamizi aliwatazama watu waliojaa kiwanjani kwake, akafuta macho kwa mkono wenye oili, akasema, "Aliyeziba tundu ndiye ajuaye lilipo tambara."