Kindi, Fisi na Wimbo Usiokwisha

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, jamani, humu ndani mna Fisi!

Pakawaaa!

Alikuwako Kindi, mama wa watoto watatu wachanga, mpiga klarineti, ile zumari ya Kizungu. Korongo, yule anayehamia kwetu kila mwaka kutoka nchi za baridi, alimfundisha klezma, muziki wa arusi za Wayahudi wa huko, unaolia na kucheka kwa pumzi moja. Kindi akauchanganya na jazi, akaongeza vifuniko vya sufuria na sauti alizobuni mwenyewe.

Mchana mmoja, Fisi huyo! Kasimama mbele ya tundu la gogo walimolala watoto, mate chururu, chururu.

"Mama watoto, leo nala watatu."

Kindi akautupia mti jicho. Kukimbia na watatu kwa pamoja hawezi, mdomo anao mmoja tu. Akasema, "Shikamoo, mjomba. Kwa nini watatu? Sikiliza wimbo wangu mpaka mwisho, na mimi nitaingia kinywani mwenyewe. Wanne!"

"Wanne!" Fisi akakaa kitako. "Piga, upesi."

Vidole vinatetemeka, klarineti nayo ikatetemeka, liii-li-li! Klezma tupu. Fisi akabubujikwa na machozi.

"Umekwisha?"

"Bado, mjomba. Hapo bibi arusi anaaga kwao."

Ikaingia jazi, dabu-dabu-dii! Fisi akatikisa kiuno.

"Umekwisha?"

"Bado, mjomba. Hapo nilikuwa natafuta njia."

Vikaja vifuniko, kwanga! kwanga! Fisi akaziba masikio.

"Umekwisha?"

"Bado, mjomba. Imebaki sehemu ya kimya."

"Kimya gani tena?"

"Eh, muziki wa kisasa huu! Husikilizwa macho yamefumbwa. Ukichungulia tu, tunaanza upya. Na vifuniko."

"Vifuniko? La, la!" Fisi akafumba macho ndi!

Kindi akaweka klarineti chini. Akamshika mtoto wa kwanza shingoni kwa meno, polepole, akamtoa kwa tundu la nyuma ya gogo, nyata-nyata, juu mtini. Akarudi. Wa pili, nyata-nyata, juu mtini. Akarudi. Wa tatu, jamani, akapiga chafya, chii!

Kindi akaganda.

Fisi, macho yamefumbwa, akatikisa kichwa. "Hapo pazuri."

Wa tatu naye juu mtini! Na klarineti akaifuata.

Fisi yuko palepale hadi leo. Nyani alipita, akamwuliza, "Vipi, bwana, mgonjwa?"

"Shhh! Utaniharibia mwisho."

Ngano yangu nayo imekwea mtini na Kindi, anayeitaka aparamie. Na funzo lake, watoto, lishikeni sana: achaneni na klarineti, muziki haumshibishi mtu. Muulizeni Fisi.