Mbegu Iliyoikataa Mvua ya Kwanza

Mwanamke mmoja wa Ugogo, jina lake Sechelela, alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu ya mtama, na hakuwa na kingine. Mwaka uliotangulia jua lilikausha kila kitu. Kibuyu hicho kilipona kwa sababu alikining'iniza juu ya moshi wa jiko, akawakataza watoto hata kukitazama.

Katika nyumba hiyo alikaa pia mdogo wake, Nyemo. Tangu alipomzika mwanawe wa pekee, Nyemo hakushika jembe wala kutia neno. Kila asubuhi Sechelela alisimama mlangoni kwake akimhimiza ainuke, ale, alime, maana wenzake nao walizika. Alimpenda, na ndiyo sababu alimchosha.

Watu wa nchi ile hupanda kwenye vumbi, ili mvua ikija iikute mbegu imo ardhini. Sechelela akapanda hivyo kibuyu chote. Jirani yake, Ndahani, hakuwa na subira hiyo. Aliloweka mbegu zake mpaka chipukizi zikachungulia, akazipanda mara ilipopita mvua ya kwanza.

Mvua ile ilikuwa ya kulaza vumbi tu. Hata hivyo shamba la Ndahani likawa kijani, na wapita njia wakalisifu. La Sechelela lilibaki jekundu vilevile. Wakamuuliza kwa utani kama alipanda mtama au kokoto. Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani moyo umemshuka, kwa maana watoto wangekula nini?

Kulipokucha alichukua jembe akaanza kufukua, shimo baada ya shimo. Alizikuta mbegu zimekaa kama alivyoziacha. Kila aliyoitoa akaipasua kwa meno kuona kama ina uhai, aliiua kwa meno hayo hayo. Hilo hakuliona. Aliona tu kwamba msimu umempita.

Sasa, ndugu zangu, ndani ya mbegu wanakaa watumishi wawili. Wasomi wa mimea huwaita homoni. Mmoja kazi yake ni kushika mlango na kusema, ngoja. Ardhi ikiwa kavu, ikiwa na joto kali au chumvi, huyo hupata nguvu, na mbegu hulala hata kama matone machache yamebisha hodi. Wa pili kazi yake ni kuamsha, na kufungua ghala ili chipukizi lipate chakula. Maji yakitosha, wa kwanza hulegeza mkono na wa pili huinuka. Wote wawili wanaitakia mbegu mema.

Sechelela alikuwa bado anafukua alipoona mkono umeushika mpini wa jembe lake. Ulikuwa mkono wa Nyemo. Alikuwa ametoka nje peku, uso umemvimba kwa kulala.

“Dada, acha kuifukua,” alisema. “Haijafa. Inangoja.”

Sechelela hakujua kama mdogo wake alisema habari za mtama peke yake. Alilia pale pale shambani, akaliweka jembe chini. Tangu siku hiyo hakusimama tena mlangoni kuhimiza. Alipeleka uji, akaketi, akanyamaza pamoja naye.

Jua likarudi kwa ukali. Miche ya Ndahani ilikuwa imekwisha kutoka, na kilichotoka ndani ya ganda hakirudi. Ikanyauka yote. Kisha ikaja mvua ya kweli, ikanyesha mpaka makorongo yakajaa. Mtama wa Sechelela ukaota, si wote kwa siku moja, na pale alipofukua pakabaki mapengo. Kimya kingi kina mshindo, walisema wale wale waliomtania.

Siku ya palizi Nyemo alichukua jembe bila kuambiwa na mtu. Palipokuwa na miche iliyosongamana aliipunguza, akaipandikiza katika mapengo ya dada yake. Miche iliyozidi aliifunga kwa majani mabichi, akampelekea Ndahani.

Nanyi mlionisikiliza: leo asubuhi, kabla hamjatoka nyumbani, mlimfukua nani?