Taa ya Injini na Ndugu Wawili

Soma mpaka mwisho kabla hujamtumia mwenzako.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara waliishi ndugu wawili, Shekigenda na mdogo wake Hoza. Shekigenda alikuwa na pikapu, na Hoza ndiye aliyeiendesha. Walipeleka kabichi na karoti sokoni. Kwa kuwa kijijini hapakuwa na gari jingine, mgonjwa akizidiwa walimbeba pia.

Siku moja taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Gari likawa linatetemeka likisimama, na likipanda mlima linakosa nguvu. Hoza akalipeleka kwa fundi Mbelwa. Fundi akachomeka mashine ya kupimia, akamwambia injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Huenda kuna mahali inavuta hewa pasipotakiwa, au pampu ya mafuta imechoka. Ili ajue ni lipi, gari lingebidi libaki gereji akague kimoja baada ya kingine.

Hoza akamweleza kaka yake. Shekigenda akasema msimu wa kabichi haumsubiri fundi. Akalipeleka gari mwenyewe kwa fundi mwingine, ambaye aliizima ile taa kwa mashine. Kesho yake ikawaka tena. Safari hii Shekigenda akaagiza ing'olewe kabisa.

"Sasa limepona," akamwambia mdogo wake.

"Kaka, hatujatibu kitu, tumeliziba mdomo tu," Hoza akajibu. "Ipo siku litazimika mlimani na watu wakiwa ndani."

Shekigenda akakasirika. Akamnyang'anya funguo, akaanza kuendesha mwenyewe, na kila aliyemuuliza alimwambia Hoza ni mvivu anayetafuta visingizio. Watu wakamcheka Hoza.

Haukupita muda mrefu, Hidaya, mke wa Hoza, akashikwa na uchungu. Mkunga akamgusa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali sasa hivi.

Hoza alijua gari ni lile lile. Akameza aibu yake, akaenda kumwomba kaka yake. Na tuseme kweli, Shekigenda hakusita. Aliacha chakula chake mezani akawasha gari.

Walipofika kwenye mwinuko mkali injini ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Wakawasha, gari likasogea kidogo, likazima tena. Hoza na mkunga wakashuka kusukuma, lakini kwenye mlima ule gari halisukumiki. Mpaka lori la mbao lilipopita na kuwachukua, muda ulikuwa umekwenda sana.

Hidaya alipona. Mtoto wao wa kiume hakupona.

Siku ya mazishi watu walidhani Shekigenda atamwangukia mdogo wake amwombe msamaha. Badala yake alisimama mbele ya waombolezaji.

"Jiulizeni wenyewe," akasema. "Huyu alijuaje kwamba gari litazimika mlimani? Nilimnyang'anya funguo, akaliharibu kwa kinyongo. Hakujua kwamba atakayepanda ni mkewe."

Watu wakatazamana. Wale wale waliomcheka Hoza wakakumbuka kwamba ni kweli, alisema litazimika. Jioni ile Hoza alikaa peke yake kwenye mkeka, baba aliyetoka kumzika mwanawe, na hakuna aliyemsogelea.

Baadaye wazee wa ukoo walimwita fundi Mbelwa afungue injini. Akatoa mpira wa kupitishia hewa kwenye injini, uliopasuka kwa uchakavu na joto. Haukuwa umekatwa na mtu. Wazee wakautazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Yaliyosemwa msibani hakuna aliyerudi kuyafuta.

Hoza akamchukua mkewe wakahamia Korogwe.

Siku moja Shekigenda akamfuata huko. Madereva aliowaajiri walikuwa hawamwambii gari linapoumwa, wanaogopa yaliyompata Hoza. Akamsihi arudi, akaahidi kwamba safari hii atamsikiliza.

Hoza akampa kiti na maji ya kunywa. Akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Nimekusamehe, kaka," akasema. "Lakini mimi sitakuambia kitu tena."

Funzo: Anayekuonya juu ya hatari siye aliyeileta. Msikilize angali anasema, wala usimgeuzie lawama yatakapotokea, maana utabaki na watu wanaokuona unaangamia na wananyamaza.