Tuta Lililokosa Mwenyewe

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na vyeo vingi kuliko visima, kilima kiliporomoka, poromoo! Tuta la tope likaziba kijito. Kule chini, katika kidimbwi kilichoanza kukauka, walikuwamo watoto wa Bi Chura, viluwiluwi ambao hata miguu hawajaota.

Chura akaenda mbio kwa Kiboko, mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee, tuta limeziba maji. Nani wa kulitoa?"

"Pole, mama. Sisi kijijini tunashughulika na maji. Lile ni tope. Nenda wilayani."

Wilayani alikaa Nyati. "Tope ni letu, sikatai," alisema huku akicheua. "Ila limetoka kilimani, na kilima ni cha serikali kuu."

Tembo wa serikali kuu alimsikiliza kwa masikio yote, na masikio yake si haba. "Kilima chetu, naam. Lakini kikishaporomoka, bibi, si kilima tena. Rudi kijijini."

Chura akarudi akiwaza. Ajabu hii! Tuta kubwa vile, halina mwenyewe? Je, lingekuwa tamu, lingekosa mwenyewe?

Asubuhi akabisha tena kwa Kiboko. "Mzee, naomba kuuliza. Magadi matamu yakionekana chini ya lile tuta, mwenye haki ya kuyalamba ni nani?"

Kiboko akasimama wima. "Magadi! Nani kasema?"

"Aa, mimi nauliza tu."

Akamuuliza Nyati vilevile. Akamuuliza na Tembo.

Desturi ya nchi ile, anayedai mahali hupapanda, akapakanyaga kwa nguvu na kutamka, "Hapa pangu!" Kesho yake, jua halijapanda, wakubwa wote walikuwa juu ya tuta.

"Hapa pa kijiji!" Kiboko akakanyaga, di!

"Kijiji kimo wilayani, ndugu yangu!" Nyati naye, di! di!

"Na wilaya imo nchini. Hebu shukeni!" Tembo akashusha mguu: DIII!

Tuta likatikisika, likapasuka, bwaaa! Maji yakawatupa waheshimiwa ukingoni, tope hadi puani, kisha yakateremka taratibu mpaka kidimbwini. Viluwiluwi wakachezesha mikia.

"We Chura! Magadi yako wapi?" Tembo akafoka.

"Kumbe hayapo, mheshimiwa? Ndiyo maana niliuliza." Chura akawatazama mmoja mmoja. "Swali la mwisho. Majirani wakitaka kujua nani kafungua maji, niwaambie nani?"

Wakubwa wakajipangusa tope haraka haraka.

"Mimi!" wakasema wote kwa pamoja.

Hadithi yangu imefika majini, wanangu: kazi ikikosa mwenyewe, ipake utamu kidogo, na wenyewe watagombana kuifanya.