Jina la Mheshimiwa Ukutani

Alikuwepo mwalimu mkuu mmoja, Saumu, mpole wa usoni tu. Shule yake haikuwa na paa wala choo, na mbunge wa eneo hilo, Mheshimiwa Mangachi, alikuwa ameapa kuuangusha mswada wa kugawa fedha za shule kwa usawa.

Saumu hakulalamika. Alimwomba tu mheshimiwa ruhusa ya kuipa shule jina la Mangachi, naye akakubali huku akichekelea.

Siku ya mjadala, karani akasoma mbele ya bunge orodha ya shule zenye shida zaidi: “Shule ya Msingi Mangachi. Haina paa, haina choo, ya mwisho kwenye mtihani.” Bunge zima likaangua kicheko.

Mangachi akatoka nje, akapiga simu. “Mwalimu, futa jina langu ukutani leo hii.”

“Ningefuta, mheshimiwa, ila hatuna rangi. Fedha yake imo kwenye mswada.”

Kura za kuunga mkono mswada zilipoitishwa, mkono wa Mangachi ndio uliotangulia kunyooshwa.