Kinu Kitupu cha Zimwi

Sogeeni karibu, na mwenye kelele abaki nje.

Hapo kale Zimwi alihamia jirani na Mize, mama wa mtoto mchanga. Akakata mti wa uchawi wa kijiji kile, akachonga kinu, akakitwanga kitupu kutwa nzima, du, du, du, kwa raha ya kuona nyumba za watu zikitetemeka. Mtoto wa Mize hakulala, hakunyonya, akazidi kukonda.

Kijijini pale, ukisikia jirani anatwanga, unakwenda na bakuli, naye hakunyimi.

Mize akaenda. "Jirani, nimesikia kinu. Naomba fungu langu."

"Kitupu, bibi. Nikupakulie upepo?"

Akaenda mara ya pili. "Nimesikia kinu. Naomba fungu langu."

"Rudi kwako, nisije nikamtwanga mwanao."

Mara ya tatu Mize alikwenda na bakuli lake, mtoto mgongoni. Hakumtazama Zimwi. Alikiinamia kinu.

"Wewe ni mti wa hapa kwetu, desturi unaijua. Nimekusikia. Nipe fungu langu."

Kinu hakikuwa na unga. Kikampokonya Zimwi mchi, nao ukasinyaa ukawa mdogo kama mwiko, ukatua ndani ya bakuli.

"Nirudishie mchi wangu," Zimwi akanguruma.

"Sema polepole," Mize akajibu. "Mtoto amelala."

Mpaka leo anaukorogea uji. Zimwi akija kuuomba, huja akinyata, na hunyimwa.

Hadithi yangu imefika kwao. Nanyi tokeni kwa kunyata.